Nilitaka daktari aniambie nitaishi muda gani na kansa ya koo

Wakuu, habari za humu. Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya hapa jukwaani, na siku hizi kimya chenyewe kimezidi nilivyopanga. Haya yamenipata mimi, si rafiki wa jirani yangu.

Mimi ni mtu wa makamo, naishi Shinyanga mjini, peke yangu. Mimi na mke wangu tuliachana kwa amani. Watoto ni watu wazima, wako mbali na wana mambo yao. Nilisoma chuo kikuu, na kazi yangu ni kuandika ripoti za miradi ambazo hakuna anayezisoma, pamoja na makala ambazo huwa nazisoma mwenyewe.

Sauti ilianza kukwaruza nikiwa kazini Geita. Nikasema ni vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali, nikafuata kila ushauri isipokuwa ule wa kwenda hospitali.

Sasa huku kwetu Usukumani salamu si jambo la kupita. Mtu anakurushia "mwadila" kutoka ng'ambo ya barabara, nawe unatakiwa ujibu asikie, muulizane nyumbani, watoto, hadi ng'ombe.

Mimi nikawa nainua mkono tu.

Haikuchukua muda mtaani wakasema msomi ameanza kuringa. Wakaacha kunisalimia. Nikajiambia afadhali, nitapata utulivu wa kuandika. Sikuandika kitu.

Sauti ilipobaki mnong'ono ndipo nikaenda hospitali Mwanza. Wakapitisha kamera puani, wakachukua kinyama, wakapima. Kansa ya koo, kwenye kisanduku cha sauti.

Daktari alikuwa dada kijana, mpole. Nikamwuliza swali moja tu: nina muda gani?

Akasema makadirio yapo, ila hayatoki kwenye uvimbe peke yake. Wanaangalia umeenea hadi wapi, kama tezi za shingo zimeguswa, sigara, uzito uliopungua, kama chakula kinapita. Halafu akauliza, "Mzee, unaishi na nani?"

Nikadhani anabadilisha mada. "Peke yangu."

Akaweka kalamu chini. "Hiyo nayo imo kwenye makadirio. Mionzi ni kila siku ya kazi, kwa wiki kadhaa. Koo litaungua, kumeza kutakuwa shida. Wanaokuja peke yao wengi wanaishia njiani. Kabla hatujaanza, njoo na ndugu."

Wakuu, nimefanya mitihani mingi maishani, lakini sijawahi kufeli swali rahisi namna ile.

Ndugu wa karibu niliyenaye ni mdogo wangu Shija, mchimbaji huko Geita. Nikampigia.

"Haloo? Haloo! Nani? Ongea basi!" Akakata. Nikapiga tena, akakata tena.

Nilikuwa nimebadilisha laini, kwa hiyo nikamwandikia ujumbe: "Shija, ni mimi kaka yako. Hii ni namba yangu mpya. Naumwa, siwezi kuongea. Naomba msaada wako haraka."

Msicheke. Niliusoma upya baada ya kuutuma, nikaona nilichofanya.

Jibu likaja: "We tapeli umekosea mtu. Kaka yangu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe."

Akaniblock.

Hilo la kutonyamaza ndilo jambo zuri kuliko yote aliyowahi kusema juu yangu, na sikuwa na namna ya kumjibu.

Nikapanda basi la Geita. Nilipofika machimboni, wenzake waliniona nimevaa shati la kuchomekea, nimesimama pembeni, siongei. Wawili wakaanza kuondoka taratibu. Mmoja akainama kwenye duara, yaani lile shimo lao, akaita, "Shija! Kuna mtu wa serikali huku!"

Shija akapanda juu, vumbi tupu. Akanitazama. "Kaka? Mbona umekonda hivi?"

Nikafungua mdomo. Ukatoka upepo.

Akakaa palepale kwenye kifusi. "Kumbe ile meseji ilikuwa ya kweli. Na mimi nikakutukana."

"Ulinitukana vizuri," nikamnong'oneza.

Tukarudi wote kwa daktari. Akafungua faili, akaniuliza kama makadirio nataka kuyasikia mwenyewe au amwambie ndugu yangu.

Mimi niliyeitafuta namba ile ya muda uliobaki kwa udi na uvumba nikasimama, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje. Nilisikia sauti ya daktari. Maneno sikuyasikia.

Shija akatoka anajifuta viganja kwenye suruali.

"Kasemaje?"

"Kasema uji uwe mwepesi. Na nisikuache na njaa."

"Na kingine?"

"Kingine ni changu, kaka. Twende."

Sasa niko kwenye mionzi. Tumepanga chumba Mwanza. Shija anapika uji wenye madonge na anaongea kutwa nzima kwa niaba ya wawili. Halafu kuna wakati anakatiza katikati ya stori, ananitazama shingoni, na najua anaikumbuka ile namba ya daktari. Hapo tunakuwa wawili chumbani, kila mtu peke yake.

Nilichojifunza: sauti ikikwaruza kwa wiki kadhaa, usisingizie vumbi, nenda ukapimwe. Na jirani akiacha kuitikia salamu, kamgongee mlango kabla hujasema anaringa.

Waliopitia mionzi ya koo, au waliouguza, niambieni mlikuwa mnameza nini. Mwenye takwimu asiniwekee hapa. Shija anazo, na naona zinamlemea.