Ulezi wa mama kwenye sola ya kijiji

Leo nimemkatia jirani umeme mbele ya watu, na sasa sijui pa kuweka uso.

Kijijini kwetu tuna umeme wa sola, mali yetu wanakijiji, na mwenyekiti ni mimi.

Wiki nzima betri hazijai. Kikao kikaamua kwamba anayeumaliza ni Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga.

Ushahidi? Ana friji. (Ndiyo, huo tu.)

Asubuhi nikakata waya wake. Hakubisha. Akasema tu, "Mwenyekiti, paneli zenyewe mmeziangalia?"

Hatukuwa tumeziangalia.

Tukaenda naye. Ufunguo wa uzio wa paneli hutunzwa na mama yangu, na geti tulilikuta wazi.

Mama alikuwa ndani. Alikuwa ametandika mikeka juu ya nusu ya paneli, akaanika ulezi.

"Hapa pana joto zuri," akatuambia, "na kuku hawafiki."

Masanja akamwamkia shikamoo. Akamsaidia kukusanya ulezi wote, taratibu, bila kumwaga hata punje.

Kisha akanigeukia. "Sasa mwenyekiti, tunakata kwa nani?"

Ningekuwa ninyi ningecheka. Ila mama anakaa kwangu.