Kinguruwe Mwekundu na Mashine ya Mlangoni

Harufu ya mgongo wazi ilitangulia kuingia saiba kabla yetu. Mama wa jirani alikaanga mifupa hiyo ya samaki mbuta tangu asubuhi, na moshi wa mafuta yake ulipenya ukutani ukakaa kwenye mapazia, kwenye nywele zetu, hadi vibonyezo vya kompyuta vikateleza chini ya vidole. Ilikuwa likizo ya Agosti, mtaa wa Manyatta, Kisumu, nami nilikuwa darasa la saba. Mwenye saiba, Baba Faith, alitutoza kiti tu. Michezo yenyewe ilikuwa ya bure, ile inayochezwa ndani ya ukurasa wa intaneti bila kupakua kitu, na kila mtoto alijiona mtaalamu wa michezo hiyo. Tuliisifu kwa kuanza papo hapo bila kuulizwa umri. Tuliyalaani matangazo yaliyoturukia usoni tukikaribia kushinda. Lakini ila kubwa ni kwamba alama zako zilikaa ndani ya mashine ile ile uliyochezea, na yeyote aliyejua pa kubonyeza aliweza kuzifuta.

Mchezo wetu ulikuwa wa kinguruwe mwekundu anayeruka kuta. Aliyevunja rekodi alikuwa na haki ya pakruok, ile desturi ya kwetu ya kusimama mbele ya watu na kujisifu kwa majina. Katika sherehe za wakubwa muziki hukatizwa. Kwetu watoto, kila mtu aliondoa mikono kwenye vibonyezo akasikiliza. Hakuna msichana aliyekuwa amewahi kusimama. Siku niliyofikia alama ambazo hazijawahi kuonekana pale, nilitoka mbio kumwita dada yangu aje anisikie. Kurudi, jedwali la alama lilikuwa tupu, na Okello, bingwa wetu, alikuwa ameegemea kiti changu.

"Onyesha basi," alisema. "Skoa iko wapi? Wacha uongo, Akinyi."

Walicheka wote, hata dada yangu. Kisha Okello akainama akaninong'oneza, "Msichana hawezi kaa juu yangu." Akasimama, akajisifu yeye, simba wa Manyatta, na wakampigia makofi. Nilimchukia papo hapo. Nililala nikimchukia na kuamka nikimchukia, na sioni sababu ya kuipamba chuki hiyo kwa jina jingine.

Okello hakucheza popote ila kwenye mashine ya mlangoni, eti anapenda upepo. Alipopelekwa Sondu kwa nyanya yake, nilikikalia kiti chake. Ajabu! Kinguruwe aliruka polepole kama aliyebeba ndoo ya maji, na kuta zikaja kwa adabu, moja baada ya nyingine. Mashine ile ilikuwa kuukuu, na mchezo wa bure una udhaifu huo: kompyuta ikichoka, mchezo nao huchoka, na hata mtoto wa chekechea hushinda. Huo ndio uliokuwa ubingwa wake. Sikumwambia mtu. Niliufunga mdomo nikamngoja arudi, na kungoja kwenyewe kulikuwa kutamu.

Aliporudi nilisubiri saiba ijae, nikapaza sauti. "Okello, tubadilishane mashine. Wewe kaa huku kwa mpya."

"Sitaki. Huko hakuna upepo."

"Upepo ndio unaruka ukuta?" Baba Faith alidakia. "Badilishaneni, tuone."

Alikaa akitokwa na jasho. Kinguruwe akagonga ukuta wa kwanza. Akaanza tena, akagonga wa kwanza tena. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nikamwondoa kitini, nikacheza kwenye mashine hiyo hiyo mpya mpaka nikavunja rekodi, kisha nikasimama. "An Akinyi, nyar Manyatta, binti wa Manyatta! Naruka kuta bila kuegemea mashine mgonjwa!" Tangu siku hiyo Okello aliitwa Mashine Mgonjwa, na jina hilo lilimfuata hadi sekondari.

Leo alama za michezo huhifadhiwa mbali, hakuna mkono wa kuzifuta, lakini pia hakuna anayeondoa mikono kwenye vibonyezo ili akusikilize. Watu huachia nyota na maoni, wakaenda zao. Mimi bado nacheza michezo ya bure, na maoni yangu husomwa na wengi. Juzi Okello, ambaye sasa ni baba, aliniandikia kwa heshima: bintiye ametengeneza mchezo wake wa kwanza, niucheze, nimwandikie binti ukweli. Niliucheza jioni nzima. Ni mzuri, hauna tangazo hata moja na rangi zake zinapendeza. Nilimpa binti nyota zote, kwa sababu ni msichana na yuko juu. Halafu nikaongeza, mahali ambapo kila mchezaji ataona: "Ila moja tu, mwanangu. Kwenye simu ya zamani mchezo wako unapungua mwendo, na mtu asiyejua kucheza anaweza kujiita bingwa. Muulize baba yako, anaijua hiyo."