Giaboksi Iliyogoma Karibu na Kakuma

Nina hasira hadi leo, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe. Lori nililokabidhiwa majuzi ni la otomatiki. Giaboksi ilipokufa, bosi alitaka mpya. Mimi nikajitia ujuzi, nikamshauri tufunge iliyoundwa upya na Wafula, fundi wetu wa Lodwar.

Safari ya kwanza nilipeleka mahindi ya msaada wa njaa Kakuma. Kabla ya kufika, nilizima injini kwenye mto mkavu nikapime kama mchanga utabeba lori. Kuwasha, kimya! Nikampelekea Wafula ujumbe wa matusi kwa gari lililopita, aje upesi. Wenyeji waliokuwa wakingoja chakula ng'ambo wakaja, wakaanza kubeba magunia wenyewe, juani.

Wafula alifika akanisalimu kwa Kiturkana, “Ejok.”

“Umetuuzia vyuma chakavu!” nilimfokea mbele ya wote. “Watoto wanalala njaa kwa sababu yako!”

Akatazama mkono wa gia. “Ulizima ukiwa gia gani?”

“Ya kwenda mbele! Kwani nilikuwa narudi?”

“Otomatiki haiwaki ikiwa kwenye gia, bwana.” Akausogeza hadi fri, pasipo gia, akawasha. Injini ikanguruma.

Mama mmoja akatua gunia miguuni pangu, jasho likimtiririka.

“Dereva,” akasema, “hili utalipandisha garini wewe.”