Theluthi azama kwenye meli, mama yake azuia boti juu

Saa moja asubuhi, mlango wa chumba cha mitungi ya wapiga mbizi uko wazi na kompresa ya kuijaza hewa inanguruma kiasi kwamba watu wanaongea kwa ishara. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu amepiga goti sakafuni. Anafunga geji ya kupimia hewa kwenye mtungi, anasoma, anafungua, anahamia mwingine. Mmoja anausukuma pembeni kwa mguu.

"Huu haukujaa vizuri," anasema. "Ungemfaa mtu anayezama karibu na ufukwe. Si kule ninakowapeleka."

Kule ni kwenye meli ya mizigo iliyozama zamani, pembeni kabisa ya njia ya vyombo vinavyoingia na kutoka bandarini. Kazi yake ni kuwapeleka wageni wakaione na kuwarudisha wazima. Wenzake wamembandika jina Theluthi, kwa wimbo wake wa kila siku: theluthi ya hewa ya kwendea, theluthi ya kurudia, na ya mwisho haiguswi.

"Wengi wanapiga hesabu ya kwenda na kurudi. Pale lazima upige na hesabu ya kusubiri," anaeleza. "Ukisikia injini juu yako, hutoki. Unasubiri ipite. Sasa unasubiri kwa hewa gani?"

Ndiyo maana huning'iniza mtungi wa ziada kwa kamba chini ya boti yao, mita tano kutoka juu.

Na ndani ya boti hiyo, anayeshika bendera ya kuonya vyombo vingine ni mama yake mzazi. Alikuwa akiuza nguo sokoni mpaka magoti yakagoma.

"Sauti ya kuita wateja nilikuwa nayo, sasa nafukuzia boti," anasema mama huyo huku akicheka. "Manahodha wananiita Honi."

Theluthi alijaribu kumkataza. "Nilimwambia, mama, jua litakumaliza. Akanijibu, wewe nimekuzaa mimi, nani mwingine atajua kukuangalia?"

Mwaka jana, asubuhi moja tulivu, Theluthi alikuwa akipanda na wageni wawili, mtu na mdogo wake, aliposikia mngurumo mzito. Huko juu, tagi, boti ya kuvutia vyombo vikubwa, iliyokuwa ikivuta tishari la mizigo ilikuwa imesukumwa na mkondo nje ya njia yake, ikaja moja kwa moja.

Mama alipiga kelele, injini zikaimeza sauti. Dereva wa boti yao akashika ufunguo, akitaka kuwasha wakimbie.

"Nikamkamata mkono," anakumbuka mama. "Nikamwambia, ukiwasha hilo panga la injini, wanangu wako chini yake!"

Akavua jaketi lake la kuokolea, akasimama kwa magoti yake mabovu, akalipunga mpaka tagi ikapunguza mwendo. Lakini haikuondoka. Ilibaki palepale ikihangaika kuligeuza tishari.

Chini, yule mgeni mdogo alikuwa amepumua kwa pupa kwa sababu ya hofu. Geji yake ikaingia kwenye wekundu, hewa inaisha. Akaonyesha juu: nataka kutoka.

Theluthi akamshika mkanda wa begani, akatikisa kichwa, akampa mdomo wa ule mtungi wa ziada.

"Macho yake yalikuwa yananiambia, dada, nakufa. Yangu yanamwambia, tulia, hufi. Ila moyoni, mwenyewe sikuwa na uhakika."

Walisubiri hapo kwenye kamba, wameshikana, mpaka mngurumo ukafifia. Walipoibuka, mama alifungua mdomo awagombeze, sauti haikutoka. Ilikuwa imekauka.

Theluthi alikaa nyumbani wiki kadhaa. Alisema hataki tena kumwona mama yake akisimama mbele ya tagi. Aliyemtoa ndani ni mama yake: "Kama kazi umeichoka, iache. Usiiache kwa kuniogopea mimi."

Akarudi. Sasa haingii majini kabla ya kuongea na bandari kwa redio, na tagi ikiwa njiani, safari inafutwa. Wageni hununa. "Wanune tu," anasema, "wakiwa wazima."

Anaomba maboya makubwa ya njano yazungushwe eneo lile, na bandari imekubali kuja kulipima.

Mama naye ana lake. Kila Jumapili anajifunza kuogelea kwenye maji ya kifuani. Anataka kushuka hadi ncha ya mlingoti wa meli, ambayo haiko mbali sana na uso wa maji, akaiguse.

"Kila siku ananiacha kwenye boti anakwenda kukaa na hiyo meli," analalamika. "Nikaone ina nini!"

Mwenzake Theluthi ndiye atakayemshusha. Mtungi, Theluthi ameapa kuujaza mwenyewe. Bendera pia ataishika yeye.

Anapoulizwa kama ataweza kutulia huko juu, anainuka kutoka sakafuni. Anazima kompresa.

"Sijui," anasema. "Ila yeye ameweza miaka yote hii."