Majina Chini ya Mabakuli ya Msiba

Mnanisumbua nisimulie habari za Coralee kana kwamba sina kazi. Shule niliiacha darasa la nne, lakini haya nayajua, na sidanganyi mtu.

Coralee Stumbo, binti wa mchimba makaa wa hapa kwetu Kentucky, alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Alisomea utamaduni wa Marekani: historia, nyimbo, hadithi na mila, vyote chungu kimoja. Insha yake ya kuhitimu ilihusu chakula cha msiba. Akifa mtu hapa, kila mwanamke hupeleka bakuli lake la kuokea, jina limebandikwa chini kwa utepe wa gundi, ili limrudie.

Baba yake alipokufa yalikuja mabakuli kumi na tisa. Coralee akafanya nini? Akabandua majina yote, akayabandika daftarini yawe ushahidi! Mabakuli yakarundikana kanisani, hayajulikani ya nani.

Siku ya mtihani walikaa walimu watatu. Yule wa mila, Bi Haverkamp, akauliza, "Wenye mabakuli walikubali kuandikwa?"

"Sikuwauliza, mwalimu."

"Una mpaka saa nane. Asiyesaini kuwa amekubali, umtoe. Na isipobaki insha ya maana, huhitimu."

Akakimbia kanisani, wale wanawake walikokuwa wanashona mablanketi ya viraka. Kumi na wanane wakasaini huku wakimcheka. "Msomi mzima, kurudisha vyombo kunakushinda?"

Akabaki Oveta Sizemore, jirani aliyemlea. Saa saba na nusu.

"Mama Oveta, nakuomba."

"Nilikuletea viazi vya jibini baba yako akiwa jenezani, kumbe wewe unanichungulia kama mdudu kwenye chupa! Sisaini. Nitoe humo."

"Sura ndefu kuliko zote kwenye insha ni yako, mama. Nikiitoa naweza kufeli."

"Shauri yako."

Angeweza kuifoji ile saini, na nani angejua? Akachomoa kurasa kumi na mbili za sura ile, moja moja, mbele ya Oveta, akamkabidhi. Akarudi mbio.

Walimu wakanong'ona, wakafunua, wakanong'ona tena. Wakampitisha, kwa alama ya chini kabisa.

Hizo kurasa Oveta hajazitupa wala hajazisoma. Basi wewe uliyenisumbua kuliko wenzako, kesho njoo na miwani yako, uingie kwa Oveta, umwombe kwa adabu akuruhusu umsomee. Na ukija, usije mikono mitupu.