Nilivyompotezea mama wa watu kiti cha ubunge huko Pasifiki, nikiwa nimeketi Muscat

Wakuu, habari za huko. Nawaandikia kutoka Ghubra, hapa Muscat. Haya ni ya kweli tupu. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Mimi ni mwalimu, Mkenya, na nina degree ya siasa ambayo hakuna aliyewahi kuihitaji. Hata nyumbani, maoni ya fundi wa AC huheshimiwa kuliko yangu.

Shuleni kwetu kuna mwalimu wa michezo, Tavita, anayetoka kisiwa kidogo cha Pasifiki. Kisiwa hakina uhuru kamili, ila kina bunge lake. Kila kijiji hutoa mbunge mmoja, na wapiga kura wa kijiji chao hawajazi ukumbi wetu wa assembly.

Mbunge wao alikuwa mama yake. Safari hii akapata mpinzani wa maana. Alitaka kipindi kimoja tu cha mwisho, amalizie zahanati aliyoianzisha.

Tavita akaniomba ushauri. Wakuu, kichwa kilivimba.

Nikaandika hotuba kwa Kiingereza, yeye akaitafsiri. Ilikuwa ya kwetu kabisa, moto. Kilele chake: "Huyu anayetaka kiti changu, amewahi kuwajengea hata choo?"

Nilimsomea Bi Thuraya, karani wetu, Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Akashusha miwani.

"Mwalimu, huyo mpinzani ni nani wake?"

"Ni mpinzani, Bi Thuraya. Inatosha."

"Kisiwa kidogo hicho, baba. Asubuhi umemtukana mtu, mchana utamwomba chumvi. Miye nna wasiwasi na karatasi yako."

Nikacheka kisomi. Nikamwambia siasa ni sayansi.

(Kicheko kile bado hunirudia nikipita mlangoni kwake.)

Mama mwenyewe alisita. Desturi yao, mgombea hupika, hukaribisha watu, kisha hukaa kimya. Wengine ndio humsemea. Tavita akamwambia, "Soma tu, Mama, imeandikwa na msomi."

Akaisoma, kwenye ukumbi wa kanisa.

Mpinzani alikuwa shemeji yake; Tavita alijua, ila mimi sikuuliza na yeye alimwamini msomi. Tufani ilipong'oa paa la mama, ndiye aliyeliezeka upya bila kuombwa. Ukumbi ule walimokaa, fundi wake ni yeye.

Na choo chake.

Mkutano ulipoisha, shemeji huyo alimsaidia mama kubeba masufuria hadi nyumbani.

Kura zikahesabiwa. Mama akashindwa kwa kura moja.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Badala yake, kikombe cha chai ya karak mkononi, nikamwambia Tavita wadai kura zihesabiwe upya. Kura moja lazima imeibwa, nikasema. Sisi Wakenya tunayajua haya.

Kesho yake akaniletea voice note ya mama, akinitafsiria kidogo kidogo:

"Mwambie rafiki yako asitafute mwizi. Kura hiyo ni yangu. Nilimpa shemeji. Sikuona namna nyingine ya kumwomba radhi. Zahanati ataimalizia yeye, ni fundi."

Tavita hakunilaumu. Alizima simu, akaenda kupuliza filimbi yake uwanjani.

Somo nililopata: kabla hujampa mtu silaha, uliza atakayepigwa nayo anakaa nyumba ya ngapi.

Bi Thuraya naye, kila asubuhi huniuliza tu kama kuna uchaguzi mwingine.

Kama nawe usomi wako umewahi kumharibia mtu, sema hapo chini nisiwe peke yangu. Matusi pia napokea, ila hakikisha kwanza kwamba sisi si jamaa.