Sabuni Aliyoileta Wifi

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nikikuta unywele kwenye mboga, siku hiyo nimeshashiba. Kwa hiyo binti yangu alipojifungua na kuja kwangu Kihesa, hapa Iringa, kutunzwa mpaka arobaini zake ziishe, niliweka sheria moja tu: hakuna kumshika mtoto kabla ya kunawa. Watu walinung'unika kwamba mjukuu wangu si yai, lakini walinawa.

Kwetu mzazi haendewi mikono mitupu. Huyu analeta khanga, yule sukari, mwingine mche wa sabuni. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana duka la vipodozi Mbeya, na yeye alishuka na katoni nzima ya sabuni ya maji, ile ya kuua vijidudu, ya chupa za kubonyeza. Sebule nzima ilimpigia vigelegele. Nami, niliyemjua miaka yote kama mtu anayepima hata tabasamu, nilimkumbatia kwa nguvu na kujilaumu moyoni kwa kumfikiria vibaya. Nikaweka chupa moja mlangoni, nyingine kando ya beseni la kumwogeshea mtoto.

Sabuni yenyewe ilikuwa nzito, inavutika kama mlenda. Mwanzo ilinukia waridi. Waridi likishaisha, kilichobaki vidoleni kilikuwa harufu ya tambara lililosahauliwa kwenye ndoo. Nilipolalamika, binti yangu alicheka na kusema mimi nanusa mno, nitanusa mpaka hewa. Nikaendelea kuitumia.

Kisha kitovu cha mtoto, kilichokuwa kinakauka vizuri, kikaanza kulowa. Ngozi ya pembeni ikawa nyekundu, kukatoka usaha wenye harufu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasukuma sahani. Mtoto akachemka mwili, akakataa ziwa. Tulimkimbiza hospitali, akalazwa na mama yake, akawa anachomwa sindano kwenye mkono ambao mshipa wake hata hauonekani. Daktari aliuliza tunamwogesha na nini. Tukamtajia sabuni ile. Hakusema kwamba ndiyo iliyomdhuru, alisema tu tuiache.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kumpikia binti yangu uji niliposikia tangazo redioni. Sabuni ya maji ya kuua vijidudu inaondolewa sokoni, kwa sababu imekutwa na vijidudu ndani yake. Wakataja jina, wakataja namba ya toleo. Nikageuza chupa nikasoma kitako chake. Ilikuwa yenyewe.

Nilitoka nje nikatapika. Asubuhi na jioni tulikuwa tunampaka mtoto uozo, halafu tunamnusa shingoni na kumsifu ananukia. Nilijisugua mikono kwa jivu na maji ya moto mpaka ikawasha, na bado niliiona michafu.

Nikampigia wifi haraka, tena kwa kumwonea huruma, maana niliogopa anaendelea kuwauzia watu bila kujua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua, wifi," akasema. "Wakaguzi walipita dukani kututangazia kabla sijaja kumwona mtoto."

Nilidhani mtandao unasumbua. Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alituletea.

"Walikataza kuuza. Mimi sijauza, nimetoa. Na ninyi si watu baki."

Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayemweleza mwenzake njia ya sokoni. Akaongeza kwamba kama hatuzitaki tusigombane, Jumamosi angepita Iringa kwenda msibani Kilolo, angezichukua.

Na kweli akaja. Nilimkaribisha kwa sababu ni dada wa mume wangu, na mume wangu alikuwa amekaa pale pale, kainamisha kichwa. Baada ya chai wifi alizikusanya chupa, hata ile iliyobaki nusu. Akazifuta kwa pindo la khanga, huku akieleza kwamba huko Kilolo waombolezaji ni wengi na sabuni ya kunawia haitatosha.  Niliwaona akilini watu wananawa kwa ute ule, kisha wanamega ugali.

Nilibeba katoni nikaenda nayo chooni uani. Nikafungua chupa moja baada ya nyingine, nikamimina shimoni. Wifi alinifuata, akashika mlango.

"Wifi, jamani, unamwaga mali."

Niliendelea kumimina. Akaanza kulia, na hakuwa anaigiza, machozi yalimshuka mpaka kidevuni. Alilia mpaka chupa ya mwisho, akanawa uso bombani, akachukua mkoba wake.

Wakati huo mjukuu wangu alikuwa bado wodini, ndiyo kwanza ameanza kunyonya tena. Wifi alikuwa kwangu tangu asubuhi. Alikunywa chai, akala viazi, akalilia sabuni, akaaga. Hakuuliza mtoto anaendeleaje.